Uongozi wa Mkakati wa Bidhaa katika Kampuni Changa ya Teknolojia ya Kwantamu: Ufafanuzi kwa Kipimo cha Nyamisangura, Tarime

IKISIRI

Makala haya yanafafanua kazi ya kuongoza mkakati wa bidhaa katika kampuni changa ya teknolojia ya kwantamu. Hoja inayojengwa ni kuwa kampuni ya aina hiyo haiuzi kwantamu. Inauza uamuzi bora kwa mtu ambaye tayari analazimika kuamua. Ili kuipima hoja hiyo, makala yanachambua njia zilizofuatwa na kampuni nne za nje ya Afrika. Kisha yanakitazama kifaa kimoja cha kwantamu, yaani kipimamvutano cha atomu, kwa macho ya Nyamisangura na maeneo ya dhahabu ya Tarime, mkoani Mara. Mifano ya Gongali Model ya Arusha na M-Pesa ya Kenya inatumika kuonesha kuwa somo hili si geni katika Afrika Mashariki. Makala yanahitimisha kuwa kazi ya kwanza ya kiongozi wa mkakati wa bidhaa ni kuweka mipaka ya ahadi, kwa kuwa mahali ambapo watu hushuka chini ya ardhi, ahadi iliyozidi uwezo wa kifaa huweza kugharimu uhai.

1.0 Utangulizi

Mwendesha bodaboda wa kata ya Nyamisangura, katika mji wa Tarime, anapofungua ramani kwenye simu yake hupokea mawimbi kutoka kwenye setilaiti zilizobeba saa za atomu. Saa hizo hutumia tabia ya atomu za seziamu au rubidiamu, ambazo huruka kutoka hali moja ya nishati hadi nyingine kwa mdundo usiobadilika. Wimbi la redio husafiri takribani sentimita 30 katika sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kwa hiyo, kosa dogo la saa huwa kosa kubwa la mahali. Bila fizikia ya kwantamu, ramani hiyo isingefanya kazi.

Hata hivyo, mwendesha bodaboda huyo hajauziwa kwantamu. Amepata jibu la swali lake: yuko wapi, na njia ipi ni fupi. Saa ya atomu imejificha ndani ya jibu hilo. Mfano huu ndio msingi wa makala haya, kwa sababu unaonesha teknolojia ya kwantamu iliyofanikiwa kuwa bidhaa na jinsi ilivyofanikiwa: haikumtaka mtumiaji aijue.

Kampuni changa za kwantamu za leo ziko katika hali tofauti. Nyingi huanzishwa na wanasayansi waliokwisha kupata matokeo katika maabara, lakini hawajajua nani atayahitaji. Mwaka 2025 ulitangazwa na Umoja wa Mataifa kuwa Mwaka wa Kimataifa wa Sayansi na Teknolojia ya Kwantamu, na tangazo hilo liliongeza matarajio ya serikali na wawekezaji. Matarajio yanapokua kuliko bidhaa, anahitajika mtu wa kuamua nini kitengenezwe, kwa ajili ya nani, kwa mpangilio upi, na nini kiachwe. Huyo ndiye kiongozi wa mkakati wa bidhaa.

2.0 Dhana za Msingi

Teknolojia ya kwantamu hugawanywa katika matawi makuu matatu. Tawi la kwanza ni kompyuta, ambazo hutumia vipashio vya taarifa viitwavyo kyubiti. Kyubiti huweza kuwa katika mchanganyiko wa hali ya sifuri na moja hadi pale inapopimwa. Tawi la pili ni mawasiliano, ambamo chembe za mwanga, yaani fotoni, hutumika kusambaza funguo za siri kwa namna ambayo mdukuzi akizigusa huacha alama. Tawi la tatu ni vipimo, ambamo atomu hutumika kupima muda, mvutano wa dunia, usumaku au mwendo.

Inafaa pia kutofautisha mambo matatu ambayo mara nyingi huchanganywa. Teknolojia ni uwezo wa kufanya jambo. Kielelezo cha majaribio ni ushahidi kuwa uwezo huo upo. Bidhaa ni uwezo huo ukiwa umefungwa pamoja na bei, mafunzo, matengenezo, dhamana na lugha anayoielewa mtumiaji. Kampuni nyingi changa huwa na teknolojia na kielelezo, zikadhani kwamba bidhaa imekwisha kupatikana.

Ugumu wa pekee wa kampuni ya kwantamu ni kwamba hukabiliwa na mashaka matatu kwa wakati mmoja. Shaka la kwanza ni la kifizikia: je, kifaa kitafanya kazi nje ya maabara, penye vumbi, joto na mtikisiko? La pili ni la soko: je, yupo anayekihitaji kiasi cha kulipa? La tatu ni la muda: je, fedha zitatosha hadi maswali mawili ya mwanzo yajibiwe? Kampuni ya kawaida ya programu za simu hukutana zaidi na mashaka mawili ya mwisho, kwani kompyuta yenyewe haina shaka. Kiongozi wa mkakati wa bidhaa katika kampuni ya kwantamu hana budi kuyapunguza mashaka yote matatu kwa pamoja, bila kusubiri moja liishe ndipo aanze jingine.

3.0 Njia Zilizokwisha Kupitwa

3.1 Kuuza vipande kabla ya mfumo mzima

Kampuni ya ID Quantique ilianzishwa Geneva, Uswisi, mwaka 2001 na wanasayansi wa Chuo Kikuu cha Geneva. Lengo lake lililojulikana zaidi lilikuwa usambazaji wa funguo za siri kwa fotoni. Soko la mfumo huo mzima lilikuwa dogo, hivyo kampuni iliuza pia vipande vyake: vihisi vya fotoni mojamoja kwa maabara za utafiti, na vizalishi vya namba nasibu kwa wahitaji wa namba zisizotabirika. Mwaka 2007 vifaa vyake vilitumika kulinda upelekaji wa matokeo ya uchaguzi mjini Geneva. Afrika nayo haikuwa mbali, kwani wakati wa Kombe la Dunia la 2010 mfumo wa aina hiyo ulitumika Durban kulinda mawasiliano ya uwanja wa Moses Mabhida, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal. Mwaka 2020 kizalishi chake cha namba nasibu, kikiwa chipu ndogo, kiliwekwa ndani ya simu ya Samsung iliyouzwa Korea Kusini.

Funzo linalopatikana ni kuwa bidhaa ya kwanza si lazima iwe ndoto kubwa ya waanzilishi. Huweza kuwa sehemu ya ndoto hiyo ambayo mtu fulani anaihitaji tayari.

3.2 Kuuza mapema au kusubiri

Katika tawi la kompyuta, njia mbili zinazopingana zimejitokeza. D-Wave ya Kanada, iliyoanzishwa mwaka 1999, ilitengeneza mashine isiyoweza kufanya kila hesabu, bali iliyolenga kundi moja la matatizo ya kutafuta chaguo bora kati ya mengi. Mwaka 2011 iliiuzia kampuni ya Lockheed Martin mashine yake, huku wanasayansi wakiendelea kubishana kuhusu faida yake halisi. PsiQuantum, iliyoanzishwa mwaka 2016, ilichagua kutouza mashine ndogo kabisa, ikilenga moja kwa moja mashine kubwa inayoweza kurekebisha makosa yake yenyewe.

Njia zote mbili zina gharama. Anayeuza mapema hupata wateja na mafunzo, lakini hubeba lawama za kifaa ambacho hakijakomaa. Anayesubiri hulinda jina lake, lakini huhitaji wawekezaji wenye mifuko mirefu na subira ndefu zaidi. Kiongozi wa mkakati hachagui njia kwa kupenda. Huchagua kwa kuangalia fedha zilizopo na uzito wa kosa likitokea mikononi mwa mteja.

3.3 Mshindani asiye wa kwantamu

Mnamo Agosti 2024, taasisi ya viwango ya Marekani, NIST, ilichapisha viwango vitatu vya usimbaji fiche vilivyobuniwa kuhimili mashambulizi ya kompyuta za kwantamu. Viwango hivyo havihitaji fotoni wala nyuzi maalumu. Ni hisabati inayoendeshwa na kompyuta za kawaida. Kwa benki inayotaka kulinda taarifa zake, hesabu hizo ni mbadala rahisi wa vifaa vya kusambaza funguo kwa mwanga. Hivyo basi, mshindani wa bidhaa ya kwantamu mara nyingi si kampuni nyingine ya kwantamu, bali ni njia ya kawaida iliyoboreshwa. Mkakati unaomlinganisha mteja na washindani wa kwantamu pekee huwa umejidanganya tangu mwanzo.

4.0 Kipimo cha Nyamisangura

Ili hoja isibaki hewani, sehemu hii inakitazama kifaa kimoja na mahali pamoja. Nyamisangura ni kata ya mji wa Tarime. Wilaya ya Tarime ndiyo yenye mgodi wa North Mara, ulioko Nyamongo, ulioanza uzalishaji mwaka 2002 na ambao sasa unaendeshwa na Barrick huku Serikali ya Tanzania ikiwa na hisa za asilimia 16 kupitia ubia wa Twiga. Kando ya uchimbaji mkubwa upo uchimbaji mdogo, ambamo watu hushuka katika maduara kwa kamba, nguzo za mbao na uzoefu. Swali kubwa la mchimbaji mdogo huwa mawili kwa wakati mmoja: dhahabu iko wapi, na je, ardhi itashikilia?

4.1 Kifaa chenyewe

Kipimamvutano cha atomu huachia kundi la atomu za rubidiamu zilizopozwa kwa leza zianguke ndani ya chombo kisicho na hewa. Leza hizohizo huzifanya atomu zijiendeshe kama mawimbi, na mwingiliano wa mawimbi hayo huonesha jinsi zilivyovutwa na dunia. Penye mwamba mzito mvutano huongezeka. Penye tundu hupungua. Kampuni ya Muquans ya Ufaransa, iliyoanzishwa mwaka 2011 na kununuliwa na iXblue mwaka 2021, ilikigeuza kifaa hicho kuwa bidhaa. Mwaka 2020 kimojawapo kiliwekwa kwenye mlima wa volkano wa Etna nchini Italia, nje kabisa ya maabara. Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Birmingham, Uingereza, walichapisha matokeo ya kifaa cha aina hii kilichobaini handaki lenye upana wa mita 2 chini ya ardhi ya chuo hicho. Kifaa hicho kilitumia makundi mawili ya atomu yaliyopangwa moja juu ya jingine ili mtikisiko wa ardhi ujifute wenyewe.

Kwa mtu wa Tarime anayesikia habari hizi, hitimisho la haraka ni kwamba chombo cha kuona chini ya ardhi kimepatikana. Hapo ndipo kazi ya kiongozi wa mkakati inapoanza.

4.2 Hesabu ya ahadi

Mabadiliko ya mvutano hupimwa kwa maikrogali, ambayo ni takribani sehemu moja ya bilioni ya mvutano wa kawaida wa dunia. Chukua tundu la duara lililojaa hewa, lenye nusukipenyo cha mita 1, ndani ya mwamba wenye uzito wa kilo 2,500 kwa mita ya ujazo. Kitovu chake kikiwa mita 2 chini ya kifaa, mvutano hupungua kwa takribani maikrogali 17. Tundu hilohilo likiwa mita 10 chini, upungufu huwa takribani maikrogali 0.7 tu. Ili tundu la mita 10 chini litoe ishara inayokaribia ile ya kwanza, nusukipenyo chake lazima kifike mita 3. Tundu likijaa maji, ishara hupungua zaidi. Aidha, kukiinua kifaa sentimita 1 tu hubadilisha kipimo kwa takribani maikrogali 3. Kwa hiyo, asiyepima urefu wa ardhi kwa uangalifu anaweza kuliona tundu ambalo halipo, au kulikosa lililopo.

Hesabu hii fupi inaamua mengi. Kwanza, kifaa hakioni dhahabu. Dhahabu ndani ya mwamba huwa chache mno kubadilisha mvutano kwa kiasi kinachotambulika. Kinachoweza kuonekana ni umbo la miamba na nafasi tupu. Anayetangaza kifaa cha kwantamu kuwa kinaonesha dhahabu anauza uongo, hata kama kila sehemu ya kifaa ni ya kweli. Pili, kifaa kina nguvu karibu na uso wa ardhi, ilhali maduara mengi hushuka zaidi ya hapo. Tatu, wapo washindani: vipimamvutano vya springi, ambavyo ni vyepesi ingawa vipimo vyake huyumba kadiri muda unavyopita, rada ya kupenya ardhi, ambayo hudhoofika katika udongo wa mfinyanzi wenye unyevu, na upimaji wa ukinzani wa umeme ardhini. Faida ya kifaa cha atomu ni kuwa kipimo chake hakihitaji kurekebishwa kila mara kwa kulinganishwa na kituo kingine. Faida hiyo huonekana zaidi katika ufuatiliaji wa muda mrefu mahali pamoja kuliko katika upimaji wa siku moja.

4.3 Nani mteja, nani mwenye hatari

Kutokana na uchambuzi huo, wateja watatu wanajitokeza. Mgodi mkubwa una wapimaji, wanajiolojia na bajeti, na una maswali ya kudumu kuhusu mashimo ya zamani na mwendo wa maji chini ya ardhi. Taasisi za umma, kama vile Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini Tanzania na STAMICO, zina wajibu wa kuwahudumia wengi. Mchimbaji mdogo ana hatari kubwa kuliko wote, lakini hawezi kununua kifaa.

Mkakati unaotazama fedha pekee utachagua mgodi mkubwa na kusahau wengine. Mkakati unaotazama huruma pekee utamchagua mchimbaji mdogo na kufilisika kabla ya kumsaidia. Njia inayotetewa hapa ni ya mpangilio: mgodi mkubwa uwe mahali pa kukomaza kifaa na kupata mapato ya mwanzo, taasisi ya umma iwe mmiliki wa kifaa cha pili, mchimbaji mdogo apate huduma, si chombo. Utaratibu huo una mfano nchini, kwani STAMICO imekuwa ikitoa huduma ya uchorongaji kwa wachimbaji wadogo ambao wasingeweza kumiliki mitambo yao.

Limebaki suala la lugha ya jibu. Kifaa kisipoona tundu, haina maana kwamba tundu halipo. Ripoti ikiandikwa neno moja, "salama", mtu atashuka kwa imani ambayo kipimo hakikuibeba. Ripoti ya haki inapaswa kusema kuwa hadi kina fulani hakuna tundu linalozidi ukubwa fulani, na kwamba chini ya hapo kifaa hakisemi lolote. Uchaguzi wa maneno hayo ni uamuzi wa bidhaa kwa kiwango kilekile cha uchaguzi wa leza. Kwa mujibu wa methali, ahadi ni deni. Na katika uchimbaji, deni hilo hulipwa na aliye chini.

5.0 Mifano ya Karibu

Afrika Mashariki ina uzoefu wa kuigeuza sayansi ngumu kuwa bidhaa. Askwar Hilonga, mhandisi wa Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, Arusha, alibuni kichujio cha maji kinachounganisha mchanga na chembe ndogo mno za nanoteknolojia, ambacho hurekebishwa kulingana na uchafu wa eneo husika. Mwaka 2015 alishinda Tuzo ya Afrika ya Ubunifu wa Kihandisi ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Kinachohusu makala haya zaidi ni namna kampuni yake ya Gongali Model ilivyolifikia soko: pamoja na kuuza vichujio kwa kaya, iliweka vituo vya maji ambavyo wajasiriamali huviendesha kwa kuuza maji safi. Mnunuzi wa maji hahitaji kujua nanoteknolojia ni nini, kama vile mwendesha bodaboda asivyohitaji kujua seziamu ni nini.

M-Pesa inatoa funzo jingine. Majaribio yake ya mwaka 2005 nchini Kenya yalilenga urejeshaji wa mikopo midogo. Watumiaji wakaugeuza mfumo kuwa njia ya kutumiana fedha, na huduma iliyozinduliwa Machi 2007 ikajengwa juu ya matumizi hayo. Waliouongoza mradi hawakung'ang'ania kusudio la awali. Walisoma kile ambacho watu walikuwa wakifanya. Kiongozi wa mkakati wa bidhaa ya kwantamu anahitaji usikivu huohuo: huenda mgodi ulionunua kifaa kwa ajili ya matundu ukagundua kuwa unakihitaji zaidi kufuatilia maji.

6.0 Kazi za Kiongozi wa Mkakati wa Bidhaa

Kutokana na mjadala huu, kazi za kiongozi zinaweza kupangwa kama ifuatavyo.

(a) Kuandika uamuzi wa mteja kwa sentensi moja kabla ya kuandika sifa za kifaa. Kama sentensi hiyo haina mtu anayeamua, tarehe ya kuamua na hasara ya kukosea, bado hakuna bidhaa.

(b) Kufanya hesabu ya ahadi pamoja na wanafizikia, kama ilivyofanyika katika sehemu ya 4.2, na kuilinganisha na njia ya kawaida iliyo bora kuliko zote, si iliyo dhaifu.

(c) Kuweka hatua zenye mlango. Kila hatua iwe na kipimo ambacho kisipofikiwa, kazi husimama au hubadili mwelekeo. Hatua isiyoweza kushindwa haifundishi kitu.

(d) Kutafsiri pande mbili. Maabara husema kwa usahihi wa kipimo, mteja kwa hasara na faida, mwekezaji kwa muda. Kiongozi asiyeweza kuwafikishia wote ukweli mmoja kwa lugha tatu ataishia kuwa na ukweli watatu.

(e) Kukataa. Katika kampuni yenye watu wachache, kila mteja wa ziada huchukua wanasayansi kutoka kwa mteja wa kwanza. Orodha ya yaliyokataliwa, pamoja na sababu zake, ni sehemu ya mkakati sawa na orodha ya yaliyokubaliwa.

(f) Kuandaa watu. Kifaa kilichoko Tarime hakiwezi kutegemea fundi wa Ufaransa kila kinapozima. Kujenga uwezo kupitia vyuo vya Tanzania na vituo vya kanda kama AIMS Rwanda si hisani ya pembeni, bali ni sharti la bidhaa kuishi.

7.0 Hitimisho

Makala haya yamefafanua kuwa kuongoza mkakati wa bidhaa katika kampuni changa ya kwantamu ni kuunganisha kile ambacho atomu inaweza kupima na kile ambacho mtu analazimika kuamua, kisha kusema wazi mahali ambapo muunganiko huo unakoma. Mifano ya Geneva, Kanada, Birmingham na Etna imeonesha njia mbalimbali za kufika sokoni. Arusha na Kenya zimeonesha kuwa mtumiaji huweza kunufaika na sayansi asiyoijua kwa jina. Nyamisangura imeonesha gharama ya kukosea. Huko, kipimo cha mkakati mzuri si idadi ya kyubiti wala ukubwa wa mtaji. Ni kama mtu anayesimama mdomoni mwa duara, akiwa na ripoti mkononi, anajua kwa hakika ni nini ripoti hiyo imesema, na ni nini haikusema, kabla hajashika kamba.